Umelalia Nini?

Maandiko: Ayubu 7:3-4, 13-14, Zaburi 41:1-3, Marko 2:1-12

Wale mliokuwa ibada ya pili Jumapili iliyopita mnajua sikumaliza. Muda uliisha, Mchungaji Kiongozi akanipa lile jicho, nikashuka. Basi leo nayaandika yote, pamoja na yale ambayo hata kama ningepewa saa nzima ningeogopa kuyasema nikiwa nimeshika maikrofoni.

Fungua Ayubu sura ya saba. Huyu mzee amepoteza mifugo, amezika watoto, ngozi yake imejaa majipu. Tukimhubiri Ayubu huwa tunakimbilia mwisho, pale anaporudishiwa maradufu, tunapiga vigelegele. Lakini katika sura ya saba analalamikia kitu kimoja ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa: usiku. Anasema akijilaza tu anaanza kuuliza kutapambazuka lini, na usiku hauishi, naye anajigeuza huku na huku mpaka asubuhi. Ukishuka mistari michache anasema alidhani angalau kitanda kitampa nafuu, nacho hakikumpa. Mtu mzima, mcha Mungu, anamwambia Mungu habari za kitanda chake! Na maneno hayo hayakufutwa katika Biblia. Yamo mpaka leo.

Mwenye mgongo mzima huupita mstari huo mbio. Mwenye mgongo mbovu husimama hapo. Mimi nilisimama hapo usiku mmoja saa tisa, nimelala chini sebuleni juu ya mkeka na blanketi, nasoma kwa tochi ya simu kwa sababu kitandani nilikuwa nimeshindwa. Mtoto wetu mdogo akaamka kwenda choo, akanikuta, akakimbia kumwambia mamake, "Baba ameanguka!"

Sikuwa nimeanguka. Ama labda nilikuwa nimeanguka, lakini si vile mtoto alivyofikiri. Nitafika huko.

Ilianza na spika. Tulikuwa na mkutano wa injili, tunashusha vyombo kutoka kwa lori, nami nikataka kuwaonyesha vijana kwamba pasta pia ana nguvu. Niliinama bila kupiga magoti, nikaikumbatia ile spika kubwa, nikanyanyuka huku nikijigeuza. Nilisikia kitu kama kamba imekatika kiunoni. Nilihubiri jioni hiyo nikiwa nimejishikilia kwenye mimbari, watu wakadhani ni upako.

Hospitalini daktari alinieleza kwamba kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vinavyozuia mifupa isigongane. Kimoja changu kilikuwa kimetokeza nje kidogo na kugusa neva inayoteremka mguuni. Ndiyo maana nilikuwa nahisi moto kutoka makalio hadi kwenye kisigino. Akaniandikia dawa, akaniambia nitembee kila siku kadiri nitakavyoweza, nisilale kitandani mchana kutwa, kwa sababu kulala sana kunaudhoofisha mgongo. Akasema wengi hupata nafuu katika majuma machache, lakini maumivu yakipita miezi mitatu yanaitwa ya kudumu na inabidi mtu ajifunze kuishi nayo huku akiendelea na matibabu.

Yangu yakapita miezi mitatu.

Na siko peke yangu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini. Mnajua mimi nilisomea biashara, hesabu hazinipiti hivi hivi. Hiyo ni kama mtu mmoja katika kila watu 13. Hesabu viti vya safu yako Jumapili, kisha uongeze safu ya nyuma. Kuna mtu hapo ambaye jana hakulala.

Sasa sehemu ngumu. Mwezi wa tano wa maumivu tulikuwa na wiki ya uponyaji. Mhubiri mgeni akasema wote wenye shida ya mgongo wasimame, waombewe, kisha wainame washike vidole vya miguu. Niliombewa. Nilihisi joto mgongoni, nikainama, nikavishika vidole. Kanisa likalipuka. Nikapewa maikrofoni nikashuhudia kwamba nimepona kabisa kabisa, nikaruka mara tatu, wengi wenu mnakumbuka. Sikudanganya siku hiyo. Kweli sikusikia maumivu, na hata leo siwezi kukuambia ile haikuwa neema.

Jumanne asubuhi nikiinama kwenye sinki kunawa uso, yalirudi yote.

Uongo wangu ulianza hapo, na niliusema kwa kunyamaza. Watu walikuwa wananisimamisha njiani: "Pasta, mgongo?" Nami nasema, "Mungu ni mwema." Jibu la kweli kabisa, lakini nilikuwa nimelitumia kama pazia. Nilinyamaza karibu miaka miwili. Nilikuwa nahubiri nikiwa nimemeza dawa, naweka mikono juu ya wengine nikiwa nimekaza meno, narudi nyumbani nalala sakafuni. Aliyejua ni mke wangu peke yake, na hata yeye nilikuwa nimemkataza kusema.

Ngoja niseme hili wazi asije mtu akanielewa vibaya. Mimi ni Mpentekoste. Naamini Yesu anaponya leo, na nimeona akiponya. Lakini Biblia hiyo hiyo inayosema katika Matendo 19 kwamba vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo vilikuwa vikipelekwa kwa wagonjwa wakapona, ndiyo inayosema katika 2 Timotheo 4:20 kwamba Paulo alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Paulo aliandika tu kwamba amemwacha akiumwa. Hakuona haya, wala hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani. Nilisoma mstari huo mara nyingi katika ile miaka miwili na sikupata ujasiri wa kuuhubiri.

Kwa vile sikutaka mtu ajue, nikaamua kutafuta suluhisho langu mwenyewe kimya kimya. Nikaamua shida ni godoro. Tulikuwa na la zamani, tulilonunua tukioana, limebonyea katikati mpaka mimi na mama watoto tunaviringika na kukutana shimoni tupende tusipende. Nikaingia duka moja mjini hapa Nakuru. Muuzaji akaniangalia ninavyotembea, akajua amepata mteja. Akanionyesha godoro gumu, ukiligonga linalia kama meza. Akasema kadiri linavyokuwa gumu ndivyo linavyonyoosha mgongo. Bei ilikuwa shilingi 32,000. Nilikopa 15,000 kwa simu na zilizobaki nikazitoa kwenye pesa za karo ya muhula uliofuata, bila kumwambia mke wangu. Shahada ya biashara hiyo, wapendwa. Mithali 22:26-27 inaonya juu ya madeni, kwamba usipokuwa na cha kulipa watakuja kukunyang'anya hata kitanda unacholalia. Mimi niliugeuza mstari juu chini: nilijiletea godoro kwa deni, na deni ndilo likaninyima usingizi kabla hata mgongo haujaanza.

Na mgongo ulianza. Baada ya wiki moja mabega na nyonga zilikuwa zinauma vile hazijawahi kuuma. Nikaomba nilirudishe, nikaambiwa nailoni imetolewa, halirudishwi.

Kumbe ile imani ya kwamba kitanda kigumu kama ubao ndicho dawa ya mgongo imeshapimwa na wataalamu. Kuna utafiti uliofanywa Uhispania ukachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2003. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya kudumu ya mgongo wa chini, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani, wakafuatiliwa kwa siku 90. Wale wa magodoro ya wastani ndio walipata nafuu zaidi, kitandani na hata wakati wa kuamka. Ukifikiria, ina maana. Godoro likiwa laini sana, nyonga inazama na mgongo unapinda kama kamba ya kuanikia nguo. Likiwa gumu sana, bega na nyonga zinagandamizwa na kiuno kinabaki kinaning'inia hewani bila kushikwa. Linalofaa ni lile linalokubali mabega na nyonga ziingie kidogo na bado linakishikilia kiuno. Na miili yetu haifanani. La mtu wa kilo 50 si la mtu wa kilo 95.

Hayo yote sikuyajua. Niliyajua nilipoenda hatimaye kwa dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinikagua, akanipiga maswali, kisha akaniuliza, "Umelalia nini?" Nikamtajia godoro langu jipya kwa sauti ya mtu aliyelipa pesa nyingi. Akasema, "Hilo ni godoro. Nauliza, chini yake kuna nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelala juu ya kile kitanda miaka saba na sikuwahi kuinama kuangalia.

Nilirudi nyumbani, tukanyanyua godoro na mke wangu. Mbao zilikuwa kumi. Tatu za katikati, pale pale nyonga inapolala, zilikuwa zimevunjika, moja ikiwa imeshikiliwa na msumari mmoja tu. Nyingine zilikuwa zimesogea mpaka pengo lake mtoto anaweza kupitisha kichwa. Shilingi 32,000 zilikuwa zimelazwa juu ya shimo! Tulikaa hapo ukingoni mwa kitanda tukacheka, kisha mke wangu akaacha kucheka akaniuliza pesa za godoro zilitoka wapi. Mazungumzo ya usiku ule sitayaandika hapa.

Isaya 28:20 inataja kitanda ambacho ni kifupi kuliko mtu anayetaka kujinyoosha, na nguo ya kujifunika isiyotosha. Najua nabii hakuwa anafundisha samani. Alikuwa anawaambia watawala wa Yerusalemu kwamba wamejificha nyuma ya uongo, na maficho hayo hayatawatosha. Lakini nilipousoma baada ya kuona zile mbao nilijua unanihusu mara mbili. Nilikuwa na ushuhuda mzuri uliotandikwa juu ya mbao zilizovunjika.

Fundi wa pale barabarani alitutengenezea mbao mpya, akaziweka karibu karibu na kuongeza mhimili wa katikati wenye mguu unaogusa sakafu. Shilingi 1,800 pamoja na misumari. Lile godoro gumu hatukulitupa, tungelitupaje na deni bado linalipwa? Tulitandika juu yake mablanketi mawili mazito yaliyokunjwa, mtaalamu alivyotushauri, na likawa la kuvumilika.

Kwa wenye shida kama yangu, acha niseme machache ya nyumbani kabla sijarudi kwa Neno. Leo jioni inua godoro lako uangalie mbao. Ukiwa umelala chali, pitisha mkono chini ya kiuno: ukipita kama unapita chini ya daraja, kitanda ni kigumu mno kwako, ukishindwa hata kuupenyeza kwa sababu umezama, ni laini mno. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Ukilala chali, uweke chini ya magoti. Si lazima uwe wa kununua, hata shuka la zamani lililoviringishwa linatosha, ndilo mimi hutumia. Kuamka usinyanyuke moja kwa moja kama mtu aliyesikia mwizi: jigeuze ubavu kwanza, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Na ukienda kununua godoro, vua viatu ulale juu yake dakika kumi pale pale dukani. Wacha wakuangalie. Pesa ni zako.

Lakini kuna maumivu ambayo si ya kitanda. Ukiona miguu inakosa nguvu, ama sehemu za siri na mapaja ya ndani yamekufa ganzi, ama mkojo au choo kimeanza kukushinda, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesha la Ijumaa, tutakuombea ukiwa njiani. Na kama maumivu yanaambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapimwe, kwa sababu kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo, na kina dawa.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nihubiri haya.

Kuna mama mmoja katika kanisa letu. Nimemwomba ruhusa, akasema niseme lakini nisitaje jina, wenzake wa chama watamcheka. Amepita miaka sitini, anafanya kazi ya kufulia watu nguo, analea wajukuu watatu. Kila kesha alikuwa anakuja mbele kuombewa mgongo. Nimemwekea mikono mimi mwenyewe, si chini ya mara sita. Na kila mara nilimwambia kitu kile kile: "Mama, shikilia imani. Kama alivyonitendea mimi atakutendea na wewe." Nilimwambia hivyo, wapendwa, nikiwa na vidonge mfukoni.

Mwezi uliopita akakosa kuja Jumapili mbili. Nilimtembelea na shemasi mmoja. Ni chumba kimoja. Tukakaribishwa chai. Kulikuwa na kitanda kimoja kizuri tu, cha mbao, kimetandikwa. Nikasema, "Mama, afadhali una kitanda kizuri." Akacheka. "Hicho ni cha watoto, Pasta. Wanaenda shule, wanahitaji kulala." Nikamuuliza yeye analala wapi. Akanionyesha nyuma ya pazia: katoni zilizokunjuliwa sakafuni, juu yake gunia, juu yake kipande cha godoro kilichokonda mpaka ukikishika vidole vinakutana. Na mnajua baridi ya Nakuru mwezi wa saba inavyopanda kutoka kwa simiti.

Mara sita nimemwekea mikono. Sikuwahi kumuuliza amelalia nini.

Nilishindwa kuomba. Shemasi ananiangalia, anangoja nifungue kwa maombi, nami sauti haitoki. Nikamwambia, "Mama, mimi sijapona. Nilishuhudia, na siku ile nilisikia nafuu, lakini yalirudi. Mpaka leo bado naumwa. Asubuhi hii nimeumwa."

Alinyamaza kitambo. Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki. Kisha akaweka kikombe chini akasema, "Kumbe na wewe? Na mimi miaka hii yote najua Mungu amekufikia wewe akanipita mimi."

Niliporudi nyumbani niliwaza maneno hayo kuliko maumivu yoyote niliyowahi kuwa nayo. Mgongo wake ulikuwa unauma kwa sababu ya beseni na sakafu. Lakini kuna mzigo mwingine ambao ni mimi niliumbebesha, kwa kunyamaza kwangu. Alikuwa anarudi kutoka kesha saa kumi na moja asubuhi, analala juu ya katoni, na anajiuliza ana dhambi gani.

Nimemwomba msamaha. Leo nawaomba na ninyi, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Sasa soma Marko 2 tena. Yule aliyepooza aliletwa na watu wanne, na Biblia inasema Yesu aliiona imani yao. Tumehubiri sana juu ya paa lililobomolewa. Mimi siku hizi nawaza kabla ya paa. Ili umbebe mtu na godoro lake, lazima kwanza uingie pale anapolala. Lazima uinue pembe yako, ujue ina uzito gani, ina harufu gani, imechanika wapi. Wale wanne walijua alichokuwa amelalia. Mikono yao ilikuwa imekishika njia nzima. Mimi nilikuwa namngoja mama wa watu aje madhabahuni kwa miguu yake.

Na Zaburi 41. Mstari wa tatu tunaupenda, unaosema Bwana humtegemeza mgonjwa kitandani na kumtandikia. Fikiria hilo: Mungu Mwenyezi, aliyeumba mbingu, anatandika kitanda cha mgonjwa kama muuguzi wa zamu ya usiku. Lakini rudi mstari wa kwanza uone ahadi hiyo inamhusu nani. Inamhusu yule anayemkumbuka mnyonge. Zaburi inaanza na mtu anayeangalia hali ya wengine, ndipo inafika kwenye kitanda chake mwenyewe. Nilikuwa nimedai mstari wa tatu miaka miwili nikiuruka wa kwanza.

Na Luka 13, yule mama aliyepindana miaka 18, hawezi kujinyoosha kabisa. Yesu alipomponya mkuu wa sinagogi alikasirika kwamba ni Sabato. Jibu la Bwana lilikuwa la kawaida sana, la mfugaji: ninyi nyote hufungua ng'ombe na punda mkawapeleka kunywa maji siku ya Sabato. Yaani mnajua mnyama wenu anahitaji nini na saa ngapi. Huyu binti wa Ibrahimu je?

Niliyaleta haya kwa ushirika wetu wa nyumbani Alhamisi, bila kuhubiri sana. Nilisema tu nilichokiona. Ndugu mmoja fundi akasema mbao anazo. Wengine wakachanga. Mama mmoja akauliza swali la maana kuliko yote: kitanda kitaingia vipi katika chumba kile? Hatukuwa tumefikiria. Tukarudi na futi ya kupimia, ikaamuliwa kitanda cha watoto kiongezewe ghorofa juu, wajukuu wawili walale juu na mmoja chini, na cha mama kiwe chembamba, futi tatu kwa sita, kifike urefu wa magoti ili akiketi miguu iguse sakafu na asihangaike kuinuka. Kabla ya kununua godoro mke wangu alienda naye dukani, akamlazimisha alale juu ya manne tofauti. Mama aliona haya, akajifunika uso na leso, lakini alilala. Alichagua la wastani, na si lile la bei ya juu. Vijana wawili wakalipeleka kwa mkokoteni.

Hajapona. Nasema hivyo kwa sababu najua jinsi habari zinavyokua zikipita mdomo kwa mdomo, na sitaki mtu asimame Jumapili aseme mama alilalia godoro akapona. Bado anafua nguo, bado beseni liko chini, ingawa sasa tumemtafutia stuli ya kuliinua. Ameanza mazoezi kwa yule dada aliyenisaidia mimi. Nilipompigia simu wiki iliyopita nikamuuliza usiku ulikuwaje, akaniambia amelala mpaka saa kumi. "Saa kumi, Pasta! Nimesikia jogoo nikamshangaa." Mimi usiku ule nilikuwa macho tangu saa nane. Tukaombeana kwa simu, yeye ndiye alianza.

Tumekubaliana na Mchungaji Kiongozi kwamba safu mbili za viti vya kando, upande wa dirisha, ziwekwe mito ya mgongo, na atakayekaa hapo asiinuliwe na mtu yeyote wakati wa sifa, hata tukisifu dakika arobaini. Wahudumu wa mlangoni wameambiwa. Jumapili hii mtaniona nikihubiri sehemu ya pili nimekaa kwenye stuli ndefu. Msishtuke, na msinitumie jumbe za kuuliza kama nimerudi nyuma kiroho.

Viongozi wa ushirika wa nyumbani wana juma hili na lijalo kutembelea kila mgonjwa wa mgongo walio naye na kuona analala wapi. Msiende na maandiko tu, nendeni na futi ya kupimia. Walio na mbao nzuri zilizobaki kwenye ujenzi wazilete ofisini Jumamosi kabla ya saa sita, ndugu fundi atakuwepo. Magodoro yaliyobonyea msituletee, tafadhali. Tunayo ya kututosha.